Ubao wa Kulalia Wimbi

Ukisimama pwani ya Jambiani maji yamekupwa, ukauliza mawimbi yako wapi, mtu hatakujibu kwa maneno; atanyoosha mkono. Kule mbali, zaidi ya kilomita moja kutoka ulipo, kuna mstari mweupe usiokatika. Ndio mwamba. Mawimbi yaliyosafiri siku nyingi kutoka kusini-mashariki ya Bahari ya Hindi hupasukia pale, na upande wa ndani hubaki maji ya magotini ambamo wanawake huinama wakifunga mwani na watoto hukimbiza vingalawa vya kuchezea vilivyotwekwa matanga ya viroba.

Mimi nilikuja Unguja kuchongesha ubao wa kuendea mawimbi kwa kulala kifudifudi. Kila niliyemweleza safari yangu aliniuliza swali lile lile: wimbi lenyewe utalipata wapi? Wengi waliuliza kwa kunicheka. Fundi aliyekuja kunichongea hakucheka, maana kwake hilo ndilo swali la kwanza la kazi.

Siuzungumzii ubao ule mrefu ambao vijana wa kwenye matangazo ya vinywaji husimama juu yake. Ubao wa kulalia ni mfupi, ukiusimamisha sakafuni unakufika kitovuni, na ni mwembamba. Unashika pembe zake za mbele, kifua na tumbo vinaulalia, miguu inabaki majini. Wimbi likifika unajisukuma, na kuanzia hapo kazi si yako tena. Mchezo wenyewe si mgeni pwani yetu. Nenda Coco Beach, Dar es Salaam, siku ya Idi, uone watoto walivyolalia matyubu ya magari. Wala si wa jana katika Afrika: James Edward Alexander, ofisa wa jeshi la Uingereza, katika kitabu cha safari zake za Afrika Magharibi kilichotoka mwaka 1837, alieleza alivyowaona wavulana wa Accra wakiogelea kwenda baharini na vibao vyepesi tumboni, wakingoja wimbi liwarudishe.

Waliofanya ubao huo kuwa sanaa ni watu wa Hawaii. James King, aliyekuwa katika msafara wa Nahodha Cook, aliuandika mchezo wao mwaka 1779, na ubao wao wa kulalia, paipo, bado unachongwa hadi leo. Ni kweli kwamba mwaka 1971 Tom Morey alitengeneza hukohuko Hawaii ubao wa povu la plastiki, na dunia karibu nzima ikahamia kwenye povu. Sina ugomvi na povu. Pale Paje, ambako upepo wa kusi umeleta watu wa kaiti kutoka kila upande wa dunia, utapata ubao wa namna hiyo wa kukodi, na kwa anayejifunza unafaa. Lakini ubao wa povu umekatwa kwa ajili ya mtu yeyote na bahari yoyote. Katika kusoma habari za zile mbao za kale nilikuta kitu kilichonitoa nyumbani: miti ya Hawaii iliyochongwa zaidi ilikuwa koa, wiliwili, na mshelisheli. Mshelisheli huu huu! Mti ambao Unguja umesimama nyuma ya nyumba za watu, na tunda lake linaungwa kwa tui la nazi likaletwa kwenye futari.

Nilianzia Mji Mkongwe, kwa kuwa ndiko boti za Dar zinakoshusha abiria na ndiko waliko mafundi wa mbao wenye sifa. Katika uchochoro mmoja nilimkuta mchongaji wa milango amekaa juu ya kigoda, patasi mkononi, ubao wa msaji umelazwa mbele yake umejaa maua nusu. Aliutazama mchoro wangu kwa adabu. Kisha akaniambia kwamba mlango kazi yake ni kusimama mahali pamoja miaka mia, na mimi nahitaji mtu aliyezoea kuchonga kitu kinachokwenda. "Nenda Nungwi," akasema, akarudi kwenye maua yake. Napenda fundi anayejua mwisho wa ufundi wake. Siku hizi ni wachache.

Sikuondoka mjini siku hiyo. Jioni nilikaa Forodhani, katika bustani iliyofanyiwa ukarabati mkubwa na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009, nikiwatazama wavulana wakijirusha kutoka ukutani. Upande huu wa magharibi bahari imekingwa na kisiwa chenyewe. Wakati wa kusi hakuna wimbi la maana. Nyuma yao Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Disemba 2020, lilikuwa limezungukwa na mabati na majukwaa ya mafundi. Ndani ya jumba hilo, lilipokuwa makumbusho, uliwekwa mtepe uliojengwa upya, chombo ambacho mbao zake zimeshonwa kwa kamba ya nazi, hakuna msumari. Waliokuwa wakiushona mtepe walijua kwamba ubao baharini lazima upinde kidogo, la sivyo utapasuka. Nilitaka mtu wa ukoo huo wa fikra.

Asubuhi nikapanda gari la 116 kwenda Nungwi.

Nungwi ya hoteli na Nungwi ya mafundi zimepakana, na kati yao kuna ukuta au mstari wa makuti tu. Upande mmoja viti vya kuota jua, upande wa pili mifupa ya majahazi, mataruma yamesimama wazi, vumbi la mbao, mbuzi wakilala chini ya kivuli cha chombo kisichokwisha. Huko mtu hapimi kwa mchoro. Fundi anao mchoro wake kichwani, na miti anaichagua ingali na umbo: tawi lililopinda linakuwa taruma, kwa sababu mti uliojipinda wenyewe nyuzi zake zinafuata mpindo, na hauvunjiki pale unapokunjwa na mzigo.

Fundi wangu (alikataa katakata jina lake liandikwe, kwa hiyo atabaki Fundi) alikuwa akirekebisha ngalawa. Nikamwamkia, "Shikamoo, fundi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu," bila kuacha tezo. Nikamweleza. Hakuniuliza kimo wala uzito wangu. Aliuliza, "Maji ya wapi?"

Nikamwambia, Jambiani.

"Maji gani?"

Kwa asiye mtu wa pwani swali hilo halina maana; kwa mwenyeji ni kalenda nzima. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, na tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Katikati huja maji mafu, bahari haiendi mbali wala hairudi sana. Na bamvua ya Unguja ina saa yake: maji hujaa alfajiri na alasiri, saa kumi kuelekea saa kumi na moja. Ndipo mwamba unapofunikwa vya kutosha, wimbi linapasukia juu yake lakini halifi lote. Mabaki yake yanaruka ndani, yanajikusanya tena, na kusi linayasukuma hadi mchangani. Wimbi hilo si kubwa, linafika kiunoni au chini ya hapo. Lakini ni refu, na lina njia ndefu ya kwenda. Kwa hiyo nikajibu: bamvua ya kusi, maji ya jioni.

Fundi akatikisa kichwa, akaanza kuuchonga ubao kwa mdomo kabla ya kuushika. Wimbi dogo halina nguvu ya kubeba ubao mzito, basi uwe mpana na mwepesi. Chini hakuna kina, kuna mawe, na kuna mambo za mwani, yaani vigingi, zimesimikwa mchangani, basi ubao usiwe na kitu chochote kinachoning'inia. Watu wa nje hupenda kufunga mapezi chini ya ubao ili usiteleze upande. Hapa pezi litakwama kwenye kamba ya mwani na wewe utaendelea peke yako. Kushika njia itakuwa kazi ya ukingo. Akauita upande wa mbele omo na wa nyuma tezi, maana kwake kila kinachokwenda majini ni chombo. Omo lazima iinuke, la sivyo wimbi likikusukuma itachimba maji na wewe utapita juu yake. Tezi iwe na ukingo mkali, maji yakatike pale yanapotoka; yakikumbatia ukingo wa duara yatakushikilia.

Nilikuwa nimeyasoma yote haya kwa waandishi wa ng'ambo, kwa kurasa nyingi na michoro ya rangi. Nikamwuliza ameyajulia wapi. Akainuka, akanionyesha ndubi.

Ngalawa, kwa asiyeijua, ni mtumbwi mwembamba ambao peke yake ungepinduka. Miti miwili hupita juu yake kwa upana, na kila upande, mwisho wa miti hiyo, hufungwa ubao mwembamba uliochongwa ncha mbele. Huo ndio ndubi. Haukufungwa kama boya la kuelea tu. Umekaa mshazari, na chombo kikishika upepo na kulala upande mmoja, ubao ule hauzami. Mwendo wenyewe unauinua, unateleza juu ya maji na kuibeba ngalawa nzima. Fundi alipitisha kiganja chini yake, kutoka omo hadi tezi. Huko chini palikuwa na mviringo mdogo sana mbele, na bapa nyuma, na ukingo wa nje ulikuwa mkali kuliko wa ndani. Nilichokuwa nikikitafuta kilikuwa kimefungwa pale kwa kamba, pande zote mbili za kila ngalawa ya kijiji kile.

James Hornell, mtaalamu wa vyombo vya asili, aliandika mwaka 1920 kwamba ngalawa za Afrika Mashariki na zile za Madagaska zina asili moja, na asili hiyo aliiweka Indonesia. Watu wa jamii hiyo hiyo ya mabaharia ndio waliokwenda upande wa pili, mashariki, kisiwa kwa kisiwa, hadi Hawaii. Wanaopenda ubishi wa historia wanaweza kubishana ni nani aliyemfundisha nani huku kwetu. Mimi, nikiwa nimeinama chini ya ndubi ya Nungwi na mawazo yangu kwenye paipo, sikuona ajabu tena kwamba fundi hakushangazwa na ombi langu. Nilikuwa nimemwomba ndubi isiyo na ngalawa.

Vipimo vilichukuliwa kwa heshima zote. Hakunigusa. Alimwita mjukuu wake, msichana wa madrasa mwenye mtandio wa kijani, akampa ugwe. Msichana akanipima kutoka unyayo hadi kitovu, kisha bega kwa bega, akifunga fundo kila mahali. Babu yake akaupima ugwe kwa mkono: dhiraa mbili na wanda mbili kwenda juu, dhiraa moja upana. Unene, wanda moja kasoro katikati, na kupungua kuelekea kingo.

Ikaja mbao. Mwembe, unaochongwa mitumbwi, aliukataa: mzito. Msufi ni mwepesi kuliko yote, lakini unakunywa maji na kuoza upesi. Mfenesi ungefaa, una rangi ya dhahabu na mchwa hawaupendi, ila nao una uzito. Nikataja mshelisheli. Hapo ndipo aliponicheka. "Ule wa futari?" Nikamweleza habari za Hawaii. Akanyamaza, kisha akasema mwepesi ni mwepesi kweli, ila hakuna mtu mwenye akili atakayekata mti unaomlisha. Alikumbuka jirani aliyeangusha wake ili aongeze chumba, na gogo lake lilikuwa limelala kivulini muda mrefu, limekauka. Tukaenda kulitazama. Lilikuwa na mpindo upande mmoja, na huo mpindo ndio alioushika kwa mikono miwili, akauelekeza mbele: "Omo hii hapa, imeshajichonga."

Kazi ilikwenda kwa vituo vya sala na vya chai. Gogo lilipasuliwa, ubao ukachorwa kwa mkaa, msumeno ukafuata mkaa, kisha tezo. Kumtazama mtu hodari akifanya kazi na tezo ni kuogopa kwa ajili ya vidole vyake vya miguu: chuma kinashuka karibu kabisa na unyayo, na kibanzi kinaruka chembamba unaweza kuonea mwanga. Upande wa chini aliumalizia kwa randa na msasa hadi ukawa laini kabisa. Upande wa juu nilimwona anataka kuulainisha pia, nikamwomba auache na alama za tezo. Kifua hushika vizuri penye vishimo vidogo kuliko penye kung'aa. Alikubali shingo upande. Kwake ulionekana ubao usiokwisha, na aliniomba nisiseme ni wake.

Mjukuu alikuwa akikaa nasi baada ya masomo. Nilimwuliza kama anajua kuogelea. Akasema anajua kidogo, kwa dumu. Nikakumbuka picha zilizosambaa duniani za wasichana wa Skuli ya Msingi ya Kijini, zilizopigwa na Anna Boyiazis, wakielea kwenye maji ya Muyuni na madumu ya njano, wamevaa nguo za kuogelea zinazowafunika hadi kichwani, wakifundishwa na Mradi wa Panje kuogelea na kuokoa. Kisiwa hiki kilizika watu wengi baada ya meli ya Spice Islander kuzama Septemba 2011, na mwaka uliofuata ikazama nyingine, Skagit. Kwa hiyo mtu akiniambia ubao wa mawimbi ni starehe ya wenye nafasi, namsikia, lakini simfuati hadi mwisho. Anayelalia ubao penye maji ya kiunoni anajifunza kwanza kutoogopa maji usoni.

Ubao ulipakwa sifa, mafuta ya papa, yale yale yanayopakwa mbao za vyombo. Kuhusu harufu yake niseme tu kwamba kwenye gari la 309 kutoka mjini kwenda Jambiani nilikaa peke yangu kwenye kiti cha watu wawili, ingawa gari lilijaa watu wa Makunduchi wanaorudi kwao kwa sherehe za Mwaka Kogwa.

Jambiani bahari ina wenyewe. Kilimo cha mwani kilianza kwa biashara pwani hii mwaka 1989, na tangu hapo sehemu kubwa ya maji ya ndani ni mashamba, mstari kwa mstari, kila mama na kamba zake. Maji yakijaa huoni kitu. Chini yako kuna mavuno ya mtu. Asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, niliwafuata wakulima nikaamkia na kuomba nionyeshwe mahali pasipo shamba. Bi mkubwa mmoja alinitembeza hadi kwenye ukanda wa mchanga mtupu ulio mkabala na mlango wa mwamba, ambao ngalawa huutumia kutoka na kurudi. Pale hawapandi, akasema, kwa kuwa wimbi hung'oa mambo. Hakuna ramani ya mawimbi ingenipa jibu bora. Mkulima wa mwani anajua wimbi linakofika kwa hasara aliyopata.

Jioni nikaingia nimevaa suruali na fulana ya mikono mirefu, mavazi yanayofaa kwa jua, kwa mawe na kwa macho ya kijiji. Maji yalikuwa kiunoni. Wimbi la kwanza lililostahili lilikuja limechoka kwa safari ya juu ya mwamba, mgongo wa duara, halina povu. Nilijisukuma. Kwa muda ubao ulielea tu, mzito chini yangu, kisha ukabadilika: sauti ya maji chini ya omo ikawa nyembamba, uzito ukaondoka, nao ukaanza kuteleza. Nilipoegemea kulia, ukingo ukauma maji, ukanipeleka mshazari mbele ya wimbi badala ya kunipeleka moja kwa moja pwani, mbali sana, hadi mchanga ukagusa magoti. Wavulana waliokuwa na vingalawa vyao waliacha mashindano wakaja kukagua. Mmoja alisema ni kibao cha mbuzi kisichokuwa na mbuzi, wakacheka wote, kisha wakapanga foleni.

Wao ndio waliougundua ulemavu wake. Watoto wepesi walikwenda vizuri. Mimi na kijana mmoja mnene tulihisi ubao unasita dakika ile ya kuanza kuteleza. Tezi ilikuwa nene. Kwenye ndubi unene huo ni lazima, maana unabeba chombo; mimi sibebi tanga. Ubao ukipunguzwa nyuma utajikunja kidogo chini ya kiuno na kuachia maji mapema, jambo ambalo wachongaji wa paipo wanalijua na ndilo sababu mbao zao ni nyembamba sana.

Niliporudi Nungwi kumweleza, Fundi hakuhitaji maelezo. Aliupindua ubao, akatazama mahali sifa ilipofutika kwa mchanga na mahali ilipobaki, akaweka kidole gumba palepale ambapo wavulana wa Jambiani waliweka vyao. Kisha akamwita mjukuu. Msichana akaja na ubao wake, uliotoka kwenye gogo lile lile, mfupi, umefika kitovuni mwake, na tezi yake ilikuwa nyembamba nusu ya wangu. Upande wa juu ulikuwa umeachwa na alama za tezo.

"Huu nimeuchonga baada ya wako," akasema Fundi. "Wako niachie hadi kesho, niutoe nusu wanda. Na pesa ya huo nusu wanda utanipa, mwanangu; kupunguza ni kazi kuliko kuchonga."

Tukaanza kupatana bei.